Kwa Nini Baba Alichelewa Natron

Engaresero,
Ziwa Natron.
Jumatano, 26 Machi.

Mpendwa dada Raheli,

Shikamoo dada. Natumaini karatasi hizi zitakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Faustine na watoto wote, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Mimi mwili wangu ni mzima. Mikono imechubuka kwa mawe na magoti yanalia kila nikiinama, lakini hayo ni ya kazi, si ya ugonjwa. Baba naye ni mzima. Amenenepa kidogo, ingawa mwenyewe anakataa na kusema kwamba ni suruali iliyosinyaa kwa jua.

Je, masika yameanza huko? Mwezi kama huu kwetu Lukozi mtu huamka asilione hata zizi, ukungu umejaa uani, na nguo hukaa kambani siku tatu zikiwa bado mbichi. Huku ukianika shati, unapofika la tatu lile la kwanza limekwisha kukauka na limekakamaa kama ngozi. Zamani niliulalamikia sana ukungu ule. Siku hizi nikiamka huwa natazama upande ambao nadhani ndiko kwetu, na ninachokiona ni vumbi.

Lakini najua huna haja na habari za mvua. Unataka kujua jambo moja. Shangazi Yudith anaumwa, amelala, anamwita kaka yake, na kaka yake hajatokea. Ulinitumia ujumbe mara nne, nami nikakujibu mara nne kwamba barabara imekatika. Nitafika hapo, dada. Niache nianze mwanzoni, maana nikianzia huko kalamu itanishinda. Na nitaandika hata yale unayoyajua, ili maneno yangu yasipungue mahali popote.

Baba alishuka kwenye lori la Selemani siku ya Jumatatu, tarehe tatu, saa tisa alasiri, wakati ambao hata mbuzi wa huku hujibanza kwenye vivuli vya kuta. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na skafu shingoni. Selemani aliniambia kwamba tangu Mto wa Mbu alimsihi mzee avue koti, mzee akamjibu kwamba mtu haendi kumtembelea mwanawe akiwa amevaa kama aliyekimbia moto. Mapeasi uliyompakia yalifika yameiva kama ya kuchemshwa. Tuliyala hivyo hivyo, na Rukia mama lishe, ambaye ni mtu wa Magoma na anawajua watu wa milimani, alisema kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona Mshambaa anakula peasi kwa kijiko.

Jambo la kwanza baba aliloniuliza ni ziwa liko wapi. Nilitahayari. Miaka minne nimewaandikia habari za ziwa, maporomoko ya maji na heroe wekundu. Vumbi sikuwaandikia. Sikuwaandikia kwamba mji wenyewe ni maduka machache ya mabati, maboma ya Wamasai, kambi za wageni kutoka Ulaya, na upepo unaovuma kuanzia saa nne asubuhi hadi jua lizame, na kwamba mlima mrefu ulio hapa hauna mti hata mmoja wa kumpa mtu kuni. Baba aliniambia kwamba barua zangu alizisoma kwa majirani wote, na kwamba mzee Kihiyo alikwisha kumwagiza samaki. Nilicheka, kisha nikaona aibu.

Jumatano yake nikampeleka ziwani. Alitupeleka Lekishon, kijana wa Kimasai anayelinda pale kambini ninapojenga, rafiki yangu. Ulipo mwisho wa nyasi unaanza udongo mweupe unaopasuka chini ya kiatu, halafu tope linalonuka, halafu maji. Heroe walikuwepo kwa maelfu, wamesimama kwa mguu mmoja mmoja. Baba akainama achote maji anawe uso, Lekishon akamshika mkono. Alimweleza kwamba maji yale ni magadi matupu, yanachoma macho, na mtu akinywa hujuta. Baba akayatazama maji yale yote hadi yanapoishia kwenye milima ya ng'ambo, akasema kwa Kiswahili ili Lekishon naye asikie, kwamba ziwa hili ni kama ndugu tajiri ambaye humwombi hata chumvi. Lekishon alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo naye humwita "baba".

Sasa nikueleze habari ya korongo, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoanzia. Nyuma ya mji kuna korongo refu, kuta zake zimesimama wima kama za kanisa, na ndani yake unapita mto wa maji baridi kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Ukiufuata juu unafika kwenye maporomoko. Jumamosi ile, tarehe nane, nilimaliza kazi mchana nikampeleka baba, maana alisema kwamba amechoka kuona maji yasiyonyweka. Mle ndani kuna kivuli, kuna minyaa na unyevu unaotoka mwambani, na baba alivua viatu akaweka miguu mtoni akafumba macho. Alisema panasikika kama kule kwetu kwenye mfereji wa juu. Tulikaa kwenye jiwe pana katikati ya mto tukafungua viazi tulivyochemsha.

Lekishon alikuwa juu ya ukingo na mbuzi wa mjomba wake. Akaanza kutupigia kelele tupande. Mbingu ilikuwa ya buluu, hakuna wingu hata la kuonyesha mtoto. Baba alimjibu kwamba yeye ameishi na mito miaka sabini na tatu, na mvua humlowesha mtu kichwa kwanza ndipo mto ujae. Lekishon akamwambia kwamba hapa mvua inawalowesha watu wengine, sisi tunaletewa maji tu. Bado baba alikuwa anabishana naye, kiazi mkononi, nilipousikia mngurumo. Nilimvuta mkono. Tulipanda kwa magoti na kucha, na tulipogeuka lile jiwe letu halikuwepo tena. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti mizima. Kiatu kimoja cha baba kilikwenda na kile kitambaa chako cheupe cha kufungia viazi.

Rukia alipopata habari alimwuliza baba kama Walutheri hubatizwa mara ya pili. Baba akamjibu kwamba hapana, ila wakati mwingine mchungaji husahau akazidisha maji.

Mafuriko yale yalivunja mfereji wa bustani ya kambi, ule nilioajiriwa kuuchimba, na yakaharibu vivuko viwili vya barabara ya Engaruka. Magari hayakupita. Jumapili asubuhi nikapanda kile kilima cha mawe kinachoshika mtandao, nikakuta ujumbe wako wa kwanza. Uliandika kwamba shangazi Yudith amevimba miguu, hospitali wamemrudisha nyumbani, na kwamba yeye mwenyewe ametamka jina la baba. Ulisema anataka baba aje waweke maji.

Raheli, nilisoma maneno hayo mara tatu. Wewe na mimi tunajua uzito wake. Miaka kumi na moja hawajasemezana. Tangu ule mwaka wa ukame, baba alipokuwa msimamizi wa zamu za mfereji, akampokonya dada yake wa damu zamu yake mbele za watu kwa kuwa alifungua maji kabla ya saa yake, na kabichi zake zote zikakauka. Na shangazi akasema hatakanyaga uani kwake mpaka atakapobebwa na watu. Miaka kumi na moja wamekaa kanisa moja, viti vya pande mbili, wakiimba wimbo mmoja. Na sasa yeye ndiye aliyetaka maji. Unajua kwamba jambo hilo simu haiwezi. Ni lazima wakae uso kwa uso, kila mmoja achukue maji kinywani, aseme moyoni kinyongo chake, ayapulize chini mbele ya mwenzake, na neno liishe. Wazee wa kanisa hujifanya hawaoni, lakini hata wao wamepuliza.

Nikakujibu hapo hapo kwamba barabara imekatika. Na ilikuwa imekatika.

Nilishuka kilimani nikiwa na nia ya kumwambia baba. Nilimkuta ameketi mlangoni kwangu ananishonea shati la kazi. Alikuwa amechemsha makande kwenye jiko langu ambalo tangu nilinunue limepika chai tu. Akaniambia kwa lugha yetu kwamba nimechelewa, makande yanashika chini. Dada, miaka minne hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nimechelewa. Tangu Janeth aliporudi kwao Korogwe na kuolewa tena, mimi nikichelewa au nikiwahi ni sawa. Nikakaa nikala. Nikajisemea kwamba nikimwambia sasa nitamtia uchungu bure, barabara bado haipitiki. Nitamwambia itakapofunguka.

Wiki ya pili baba alikwenda kuuangalia mfereji uliovunjika. Alimtafuta msimamizi wa kambi, mtu mgumu asiye na salamu, akamwambia kwamba mimi, mwanawe, nimelikosea banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini, nimeliweka kama la milimani ambako maji huja kwa adabu. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini msimamizi alimsikiliza, na kuanzia hapo kila asubuhi baba alikuwa pale na fimbo yake, akituonyesha mahali pa kuweka mawe makubwa na mahali pa kuyaachia maji yenye hasira njia yake. Wenzangu walimwita Mhandisi. Alipita akiwatania kwamba wanashika sululu kama wanaoshika nyoka. Mimi nilikuwa napiga zege chini ya jua lile, mgongo unauma, lakini nikiinua kichwa namwona baba yangu na kofia ya majani aliyopewa na Rukia, na kazi ikawa nyepesi.

Na asubuhi, dada. Asubuhi kabla sijafungua macho nilikuwa nasikia "onga maundo." Hujui neno hilo linafanya nini ndani ya mtu ambaye hajalisikia kutoka kinywani mwa mwingine kwa muda kama wangu. Huko kwenu mnaamkiana hivyo njia nzima, kutoka nyumbani mpaka sokoni, na hamlihesabu kuwa kitu. Huku hakuna anayejua kwamba nina lugha. Nilikuwa najifanya bado nimelala ili aliseme tena. Rukia aliniona narudi nyumbani mbio jioni akanicheka mbele ya watu, akasema kwamba nakimbia kama mwenye mke mpya. Nilicheka, lakini hakukosea sana.

Jumatano ya wiki hiyo ya pili tulikaa juu ya ukingo wa korongo, si ndani, tukala ugali. Baba akaanza mwenyewe. Aliniambia kwamba tangu siku ya mafuriko moyo wake hautulii. Alisema alipokuwa anapanda ule mwamba kwa magoti hakumkumbuka mama yetu marehemu, wala hakutukumbuka sisi, alimkumbuka Yudith amesimama katikati ya kabichi zake zilizokauka. Alisema kwamba zamu ile alimnyima si kwa sababu ya sheria ya mfereji. Alimnyima ili watu wasiseme kwamba anampendelea dada yake. Alilinda jina lake kwa shamba la mwenzake. Akasema akirudi Lukozi atakwenda kwake kabla hata hajafungua mlango wa nyumba yake, na kama hatamkaribisha atasimama nje mpaka amchoke.

Nilikuwa na ujumbe wako mfukoni wakati anasema maneno hayo. Simu ilikuwa inanigusa pajani. Ulikuwa umekwisha kuniandikia mara ya pili. Ningefungua mdomo tu. Nilimwuliza kama anataka chumvi.

Sasa nimefika, na siwezi kuzunguka tena. Raheli, barabara ilifunguka Jumanne, siku tatu tu baada ya mafuriko. Huku siyo kwetu. Maji ya huku yanapita kama mwizi, kesho yake mchanga umekauka, keshokutwa magari yanapita yakitimua vumbi. Selemani alileta saruji Jumanne, akaondoka Jumatano akiwa na nafasi kwenye kiti cha mbele. Alikuja tena na kurudi kila wiki. Nilikuandikia kwamba daraja limekwenda, na huku hakuna daraja hata moja, ni vivuko vya mchanga tu. Nilijua utaniamini, kwa kuwa wewe ni mtu wa Lushoto. Kwetu mlima ukiporomoka njia ya Soni watu hukaa majuma wakizungukia njia nyingine, wala hakuna anayeshangaa. Nilichukua unayoyajua kuhusu kwetu nikayatumia kukudanganya kuhusu huku.

Na baba nilimdanganya kwa upande wake. Unajua hakuja na simu, alikuachia. Wiki ile ya pili ilipokwisha alitaka kuondoka. Nikamwambia kwamba nimeongea nawe, kwamba wote hamjambo, na kwamba umesema akae apumzike mpaka mfereji uishe. Alifurahi. Alisema Raheli ni mtoto mwenye huruma. Alikuombea usiku ule kwa jina.

Sina cha kukuambia kinachoweza kuitwa sababu. Sikumchukia shangazi. Shangazi Yudith ndiye aliyenibeba mgongoni wakati mama anaumwa, na hata baada ya ule ugomvi alikuwa ananipitishia karoti dirishani ili baba asione. Nilijua anaumwa. Nilijua anachosubiri. Kila siku nilisema kesho, na kila siku baba alinisalimu tena asubuhi, nami nikataka moja zaidi. Moja tu. Nimepata kumi na saba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nimeandika jinsi ilivyo.

Jana jioni baba alirudi kutoka ziwani na Lekishon. Alikuwa amekwangua magadi meupe, yale mazuri yasiyo na tope, amefunga kwenye kipande cha kanga alichomwomba Rukia. Akaniambia kwamba ni ya Yudith, kwa makande yake, kwa sababu Yudith tangu usichana alikuwa mtu wa kulalamika kwamba magadi ya dukani yanaacha maharage magumu. Alikuwa anakifunga kile kifurushi kwa uangalifu, fundo juu ya fundo, huku anatabasamu peke yake kama kijana. Hapo nikashindwa. Nilipiga magoti nikampa simu asome mwenyewe. Miwani yake haisomi maandishi ya simu, ikanibidi nimsomee, jumbe zote nne, kwa sauti yangu.

Hakunipiga, wala hakuinua sauti. Aliniuliza ule wa kwanza ulifika lini. Nikamwambia. Akaniambia kwamba nilikuwa na njaa, nikala chakula cha mgonjwa. Hayo tu. Alitoka nje akasimama akiutazama ule mlima usio na miti mpaka kukawa giza, nami sikuthubutu kumfuata. Tangu nizaliwe sijamwona baba mgongo ukiwa umeinama namna ile.

Leo alfajiri nimepanda kilimani kukupigia. Simu yako haipatikani. Nimepiga ya shemeji, haipatikani. Nimekaa juu ya mawe yale mpaka saa tatu, na msimamizi amenikata nusu siku. Ujumbe wako wa mwisho ni wa Jumapili, ulisema shangazi anauliza juu ya kila gari linaloingia. Tangu hapo sijui kitu. Sijui kama naandika juu ya mtu aliyelala kitandani au la. Baba hataki kuniuliza ninavyodhani.

Kesho alfajiri anaondoka na Selemani, na barua hii atakuja nayo yeye mwenyewe. Nilimwomba niende naye. Amekataa. Amesema kwamba kama nitaingia pamoja naye, shangazi ataona kijana amekuja na mzee, atafurahi, na mambo yatafunikwa kwa furaha. Hataki yafunikwe. Amesema niandike kila kitu kwa mkono wangu, kwamba akifika atakukabidhi wewe na hataingia chumbani kwa dada yake mpaka uwe umemsomea. Hataki kujitetea kwa mdomo wake. Anasema kwamba miaka kumi na moja iliyopita alisema mengi mbele ya watu, safari hii atanyamaza.

Kwa hiyo dada, ninapoandika mstari huu yuko ndani anakunja nguo zake, na wewe unapousoma yuko nje uani kwa shangazi, amesimama, kwa sababu namjua hatakubali kiti. Ikiwa shangazi anasikia, ulipofika hapa amekwisha kujua kwamba kaka yake hakumkataa. Aliyemchelewesha ni mimi, Edgar, mtoto aliyembeba mgongoni. Baba alikuwa tayari kusimama nje ya mlango wake kabla hajajua kwamba anaitwa. Mwambie hivyo mara mbili, ikiwa usikivu wake umepungua. Halafu weka karatasi chini, chota maji kwenye kikombe, ukamwite baba aingie.

Na ikiwa shangazi amekwisha kwenda, basi usimsomee mtu barua hii. Toka nje kwanza wewe, kabla majirani hawajamwambia baba. Mshike mkono. Ana miaka sabini na tatu na ametoka mbali kwa ajili yake.

Kazi yangu hapa itaisha mwishoni mwa Aprili, mfereji ukishapokea maji. Nitakuja Lukozi. Sitauliza kwanza kama nakaribishwa, nitakuja tu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikiwa nimesimama mbele yako, maana hasira yako ya mbali siwezi kuibeba huku peke yangu.

Nisalimie shemeji Faustine, umwambie suruali aliyonipa bado naivaa. Nisalimie Esta na Tabitha, na yule mdogo ambaye sijamwona, umguse shavu kwa niaba yangu. Nisalimie mzee Kihiyo na umweleze kwamba ziwa halina samaki wa kuliwa, nilidanganya hapo pia. Lekishon na Rukia wanawasalimu ingawa hamwajui. Baba ananiita nikamsaidie kufunga begi, na sauti yake ni ya kawaida, kama ya asubuhi nyingine zote.

Ni mimi mdogo wako,
Edgar Stephano.